Jinsi ya Kumpima Mtu kwa Ushahidi, Kwenye Riwaya na Kizimbani

Nafundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita hapa Mtwara, na swali linalonichosha kusahihisha kuliko yote ni lile la "Jadili wasifu wa mhusika." Karatasi arobaini, na karibu zote zinaandika hivi: ni mkarimu, ni mpenda haki, ni mwenye huruma, ni mzalendo. Sifa nne zimepangwa kama mafungu ya nyanya sokoni. Ukimwita mwenye karatasi ukamuuliza amejuaje kuwa huyu ni mkarimu, anakujibu: "Si inaonekana, mwalimu?"

Haionekani. Hakuna aliyewahi kuuona ukarimu kwa macho. Tunachoona ni mkono uliotoa, tunachosikia ni neno lililosemwa, na yaliyobaki tunayamalizia wenyewe kichwani. Mwongozo huu ni wa kuifanya kazi hiyo ya kichwani taratibu. Nimewaandikia kwanza wanafunzi wa fasihi, lakini nimechanganya na mambo ya mahakamani, kwa sababu uhakiki ulianza kuniingia vizuri nilipoanza kwenda kukaa benchi za nyuma mahakamani wakati wa likizo, nikisikiliza kesi za watu. Kule nilikuta watu wanafanya kwa makini kile ninachowaomba wanafunzi wafanye. Nikakuta pia jambo moja wamekatazwa, ambalo mtaani tunalifanya kila siku.

Msomaji anaanza na tendo anafika kwenye tabia: huyu alifanya hivi, basi ni mtu wa namna hii. Mahakama ya jinai haigombani na hilo. Inachokataa ni kuigeuza njia: huyu ni mtu wa namna hii, basi ndiye aliyefanya.

Tutahitaji kesi ya mazoezi. Nimeibuni, msiitafute kijiji chochote. Ni mwezi wa kumi na moja, msimu wa korosho umepamba moto. Ghala la chama cha msingi kimoja cha ushirika wa wakulima huko juu Newala limevunjwa usiku, magunia mawili yamekwenda. Mlinzi anasema kulikuwa na mbalamwezi, alimwona mtu anapita nyuma ya ghala na gunia begani, na alimtambua: ni yule jamaa wa kangomba. Kwa msomaji asiye wa huku kusini, kangomba ni wanunuzi wa kichochoroni, wanaochukua korosho kwa mkulima nje ya chama na mnada, wakipima kwa bakuli badala ya mizani, hasa pale nyumba inapokuwa haina unga na msimu haujafunguliwa. Asubuhi, nyumbani kwa jamaa huyo, yanakutwa magunia matatu ya korosho, mawili yana alama ya rangi ya bluu. Kijiji kimeshamaliza kesi: "Kangomba huyo, nani mwingine?"

HATUA YA 1: Andika swali kabla hujamtazama mtu

Mahakamani kila kitu kinaanza na hati ya mashtaka, na hati hiyo haiulizi kama mshtakiwa ni mtu mbaya. Inasema siku fulani, mahali fulani, alifanya kitu fulani kinyume cha kifungu fulani. Wizi kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, una vipande vyake: kitu kinachoweza kuibwa kimechukuliwa, kimechukuliwa kwa hila, na aliyekichukua hana haki ya kukidai. Kila kipande kinahitaji ushahidi wake. Kimoja kikikosekana, hakuna wizi, hata kama mtu mwenyewe anachukiwa mpaka na mbuzi wake.

Sasa itazame kesi yetu. Kununua korosho kangomba ni kosa lingine kabisa, lina sheria zake na shtaka lake. Swali letu ni moja: je, yeye ndiye aliyetoa magunia mawili ghalani usiku ule? Liandike juu ya ukurasa. Litakusaidia baadaye, maana mazungumzo yote yatakuvuta uhamie swali la pili, ambalo ni tamu zaidi: jamaa huyu ni mtu wa aina gani.

Kwenye fasihi fanya hivyo hivyo. Usianze na "wasifu wa mhusika", ni swali pana mno. Anza na: kwa nini alimrudishia baba yake zile pesa? Kwa nini alinyamaza kikaoni? Swali dogo linakupeleka kwenye ukurasa fulani, na ushahidi unakaa kwenye kurasa.

HATUA YA 2: Daftari la safu tatu

Chora mistari miwili, upate safu tatu. Ya kwanza: alichofanya. Ya pili: alichosema mwenyewe. Ya tatu: wanayosema watu juu yake, pamoja na msimulizi. Usiandike sifa yoyote popote. Neno "mkarimu" likikuponyoka, likate.

Tujaribu na kipande hiki, nimekiandika kwa ajili ya somo:

"Mzee Mpemba, kama walivyomwita, alipokea elfu mbili, akarudisha chenji bila kumtazama kijana usoni. Watu wa mtaa walisema hana huruma hata na kivuli chake. Kijana alipofika mlangoni mzee akamkemea: 'Wewe! Unasahau chumvi yako!' Kijana akarudi, akachukua ile pakiti. Chumvi hakuwa ameinunua."

Wanafunzi wangu hugawanyika hapa. Nusu wanaandika "katili" kwa sababu maandishi yenyewe yamesema hana huruma. Rudi kwenye daftari. "Hana huruma" iko safu ya tatu, wamesema watu wa mtaa. Ukemeaji uko safu ya pili. Safu ya kwanza ina matendo mawili tu: hakumtazama, na alitoa pakiti ya chumvi bila kulipwa. Ukizisoma safu zote pamoja ndipo utaona utamu ulipo: ametoa kitu, lakini amekitoa kwa namna ambayo kijana hatalazimika kushukuru wala kuona aibu mbele ya wateja wengine. Ukali wa sauti ndio kifungashio cha msaada. Hata kule kutomtazama kunaanza kuwa na maana nyingine.

Au amezeeka, anachanganya wateja. Hiyo nayo ni tafsiri, na kipande hiki peke yake hakiwezi kuikataa. Mwanafunzi mmoja wa kike aliniambia hivyo darasani na nikampa alama zaidi ya wote. Alichotakiwa kufanya baada ya hapo ni kusema ni ushahidi gani ungeamua: kama ukurasa wa mbele tunamwona mzee anahesabu mauzo ya siku bila kukosea hata senti, ile hoja ya kuchanganyikiwa inakufa.

Mahakama nayo ina safu zake. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, iliyotungwa mwaka 1967 kuchukua nafasi ya sheria ya ushahidi ya India ya mwaka 1872 tuliyorithishwa na Mwingereza, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja. Aliyeona aseme alichoona, aliyesikia aseme alichosikia. Anayesema "nimeambiwa" kwa kawaida anakatishwa. Riwaya haimkatishi mtu, ndiyo maana msomaji analazimika kujikatisha mwenyewe.

HATUA YA 3: Mpime anayesema kabla ya anayesemwa

Mlinzi wetu anasema alimtambua mtu kwa mbalamwezi. Kijiji kinaamini, mlinzi ni mtu mzima na hana sababu ya kusema uongo. Lakini mtu mkweli anaweza kukosea, na ukweli wake ndio unaofanya kosa lake liwe la hatari.

Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1980, na imekuwa ikirudia tangu hapo, kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina zote za ushahidi, na hautegemewi mpaka uwezekano wa kukosea uondolewe. Maswali yake ni ya kawaida kabisa, unaweza kuyabeba kichwani. Alimwona kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani? Kulikuwa na kitu katikati? Alikuwa akimfahamu kabla? Halafu kuna swali jingine mahakama zetu hulipa uzito: alimtaja lini? Shahidi anayetaja jina mapema, kwa mtu wa kwanza aliyekutana naye baada ya tukio, anaaminika kuliko aliyekaa siku nne akalikumbuka jina baada ya kijiji kulisema.

Mwulize mlinzi. "Mbalamwezi ilikuwepo" haitoshi. Mwezi wa siku ngapi? Ulikuwa juu au unazama? Huko Newala nyuma ya ghala mara nyingi kuna mikorosho, na chini ya mkorosho wenye majani hata mchana pana giza. Gunia lilikuwa bega gani? Kama lilikuwa bega la upande wa mlinzi, aliuona uso kupitia wapi?

Sasa hamisha maswali hayo yote kwa msimulizi wa riwaya. Alikuwepo? Kama ni nafsi ya kwanza, alikuwa na umri gani wakati huo, na ana kinyongo gani? Mke anayemsimulia bwana wake, mtoto anayemsimulia mama wa kambo, karani anayemsimulia bosi aliyemfukuza: wote wana mwanga wao na mti wao katikati. Msimulizi wa nafsi ya tatu anayejua yote tunamsamehe zaidi, kwa sababu tumekubaliana naye tangu ukurasa wa kwanza kwamba anaona hata gizani. Hata yeye, ukimkamata anatoa sifa bila tendo, iweke safu ya tatu.

HATUA YA 4: Sifa ya mtu iweke pembeni, na ujue lini utairudisha

Hapa nitakaa kidogo.

Sheria yetu inamruhusu mshtakiwa wa jinai kuleta ushahidi kwamba ana tabia njema. Upande wa mashtaka, kwa upande wake, kwa kawaida hauruhusiwi kuanza kwa kuonyesha kwamba ana tabia mbaya, wala kwamba aliwahi kushtakiwa au kufungwa kwa kosa lingine. Yako mambo yanayobadilisha hali hiyo. Mshtakiwa akijisifu mwenyewe kuwa hajawahi kugusa cha mtu, au akianza kuchafua tabia za mashahidi wa upande wa pili, anajiondolea kinga. Na kama lile kosa lingine lenyewe ni ushahidi wa kosa hili, mathalani linaonyesha alikuwa anajua au alikusudia, linaweza kuingia.

Wengi wakisikia haya mara ya kwanza wanakasirika. Mbona sheria inamfichia mwizi? Hasira hiyo ina methali zake: mtoto wa nyoka ni nyoka, za mwizi arobaini. Nazipenda methali zetu, nazifundisha, lakini hizo mbili zisiruhusiwe kukaa kwenye jopo lolote. Ya kwanza inamfunga mtu kwa kosa la baba yake. Ya pili inahesabu siku za mtu ambaye tayari imeshaamua kuwa ni mwizi.

Sababu ya kanuni yenyewe si huruma. Ukisharuhusu "ni kangomba", masikio yanazibika. Mlinzi hataulizwa tena kuhusu mbalamwezi. Na kila kuku akipotea, upelelezi utaishia kwenye nyumba ile ile, wakati aliyeiba anakula supu nyumba ya tatu.

Najua kwa sababu nilishafanya hivyo mimi. Miaka ya nyuma, shule niliyokuwa nafundisha wakati huo, bahasha ya michango ya mahafali ilipotea mezani kwangu. Ilikuwa na elfu themanini na tano. Darasani kulikuwa na kijana ambaye mwaka uliotangulia alikutwa na simu ya mwenzake chini ya godoro. Sikuuliza nani alipita ofisini. Sikuuliza mara ya mwisho niliiona lini. Nilikwenda moja kwa moja darasani, nikamsimamisha, nikaamuru begi limwagwe juu ya dawati mbele ya wenzake: madaftari, kipande cha sabuni ya mche kwenye karatasi, soksi moja. Hakukuwa na bahasha. Nikasema, "Umeificha wapi?" Ona nilivyouliza. Hata begi tupu lilikuwa kwangu ushahidi dhidi yake.

Siku tatu baadaye nilikuta bahasha ndani ya jalada la nailoni la daftari la mahudhurio, nililolifunika kwa mikono yangu.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, hatua hii inasomeka hivi: mwandishi akikwambia mapema kwamba mhusika alikuwa jambazi, usimbebeshe kila kinachopotea kwenye hadithi. Waandishi wazuri wanakutega hapo hapo. Wanakupa mtu mwenye sifa mbaya na mtu mwenye kanzu nyeupe, halafu wanaacha pesa mezani.

HATUA YA 5: Jina linapotoa hukumu, na mara sita zinapokuwa ushahidi

Kuna kazi ambazo hazikutegi, zinakwambia waziwazi. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, anaweka mahakama katikati ya kitabu. Mshtakiwa anaitwa Karama, anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Anayemshtaki anaitwa Majivuno. Basi, ungetaka nini tena? Kwenye Adili na Nduguze ndugu wawili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Hao ni wahusika bapa, wenye sifa moja isiyobadilika, kwa makusudi, na kuwachambua kwa kuuliza "je, Majivuno ana majivuno?" ni kupoteza wino. Kwenye fumbo la namna hii uliza swali lingine: huyu mwenye jina hili anafanya nini mbele ya yule mwenye jina lile, na mwandishi anasema nini juu ya nchi inayowaweka kizimba kimoja?

Lakini tazama utetezi wa Karama. Hajitetei kwa kusema mimi ni mtu mwema. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na Kusadikika pande mbalimbali, wakarudi na mapendekezo ya kuifaa nchi, na kila mmoja akaishia kuadhibiwa. Mjumbe mmoja ungesema bahati mbaya. Wawili, labda walikosea kusema. Kufika wa sita, baraza lenyewe ndilo lililoko kizimbani.

Hii ndiyo ile nafasi ndogo ambayo sheria inaacha kwa matendo ya nyuma. Matendo hayo hayaletwi ili tumchukie mtu. Yanaletwa kwa sababu yamefanana mno kiasi kwamba bahati mbaya haiwezi kuyaeleza. Kwa hiyo mtu akitaja tendo la zamani, muulize: linafanana na hili kwa nini hasa? Kama mfanano wote ni "nalo lilikuwa baya", litupe nje. Jamaa wa kangomba kununua korosho kwa bakuli hakufanani na kuvunja ghala. La kwanza linahitaji mkulima mwenye njaa aliyekubali, la pili linahitaji nondo.

HATUA YA 6: Usisome uso

Fupi. "Alikuwa anatetemeka." "Aliangalia chini." "Alijibu haraka haraka." Kijana wa Kimakonde aliyelelewa vizuri anaangalia chini mbele ya mtu mzima, hiyo ni shikamoo ya macho. Mgeni kutoka mbali akiona anasema huyu ana hatia. Na kizimbani kila mtu anatetemeka, mimi nilitetemeka nikiwa benchi la nyuma.

Mahakama za rufani huheshimu maoni ya hakimu aliyemwona shahidi kwa macho yake, lakini zimeeleza pia njia nyingine mbili za kupima ukweli wake, na hizo unaweza kuzitumia hata ukiwa na karatasi tu. Ya kwanza, maneno yake yenyewe yanashikana mwanzo mpaka mwisho? Ya pili, yanapatana na ya mashahidi wengine na vielelezo? Msomaji wa riwaya yuko kwenye nafasi hiyo hiyo ya mahakama ya rufani. Ana karatasi, hana uso.

HATUA YA 7: Tafuta kinachokukatalia

Umeshapata jibu unalolipenda. Sasa rudi kutafuta ukurasa unaolivunja. Wanafunzi wengi hawafiki hapa, na hapa ndipo mhusika duara, yule mwenye pande nyingi zinazovutana, anapojulikana.

Mfano wangu ni wa nyumbani. Ebrahim Hussein alizaliwa Kilwa mwaka 1943, na tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969 inahusu mtu ambaye historia inamfahamu: Kinjeketile wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya kugeuza risasi za Mjerumani, akanyongwa Agosti 1905 wakati vita vya Maji Maji vimeshaanza huku kusini. Swali la mtihani linakuja: Kinjeketile ni mwongo?

Safu ya kwanza na ya pili zina vitu vinavyovutana. Anatoka majini na maneno ya mzimu Hongo, anawaunganisha watu waliokuwa wakichukiana. Huo ni ushahidi wa kiongozi. Maji yanashindwa, watu wanakufa. Huo ni ushahidi dhidi yake, na mwanafunzi mvivu anafunga daftari hapo. Lakini endelea. Katikati ya mchezo mwenyewe anaanza kuyatilia shaka yale maneno aliyoyasema akiwa amepandisha mzimu, anaomba vita visubiri, na wenzake hawasubiri. Mwongo hana haja ya kuusimamisha uongo unaomletea sifa. Kisha mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo. Anakataa.

Sasa tendo hilo moja la kukataa uliweke wapi? Kama alikuwa ameshayatilia shaka maji, kukataa ni kusema uongo. Kama anajua kuwa kulikana neno ni kuwakana wote waliolifia, kukataa ni kulinda kitu kikubwa kuliko maji. Tendo lile lile, tabia mbili. Sijawahi kulimaliza swali hili na nimelifundisha muda mrefu. Fasihi inaruhusu kubaki nalo.

HATUA YA 8: Toa jibu kwa kipimo cha mahali ulipo

Mahakama hairuhusu kubaki nalo, lazima iamue, na ndiyo maana imewekewa kipimo kikali. Kesi ya jinai inathibitishwa bila kuacha shaka ya maana, na mzigo uko kwa upande wa mashtaka. Utetezi ukiwa dhaifu, au hata ukiwa wa uongo, haujazi pengo la mashtaka. Na pale ushahidi wote ni wa mazingira, yaani hakuna aliyeliona tendo lenyewe, lazima vipande vyote vielekee kwa mshtakiwa mmoja kiasi kwamba hakuna maelezo mengine ya maana yanayobaki.

Maliza kesi ya Newala. Mlinzi, akibanwa, anasema mwezi ulikuwa unakaribia kuzama, na jina alilitaja mchana, baada ya magunia kukutwa. Utambuzi umelegea. Zinabaki zile alama za bluu. Mtu akikutwa na mali iliyoibwa karibuni sheria inaruhusu adhaniwe kuwa ndiye mwizi, lakini kwa masharti: mali ikutwe kwake kweli, itambuliwe bila utata kuwa ni ya mlalamikaji, iwe imeibwa karibuni, na iwe ndiyo ile ile iliyo kwenye shtaka. Hapo kazi inakuwa ngumu, kwa sababu korosho haina jina. Ya chama na ya shambani kwa bibi zinafanana kama mapacha. Gunia ndilo lenye jina, na jamaa anasema magunia matupu yenye bluu aliyanunua sokoni kama wengine.

Kama karani wa ghala atakuja na daftari linaloonyesha magunia 112 jioni na 110 asubuhi, na akatuonyesha kwenye gunia lililokutwa namba aliyoiandika kwa mkono wake siku ile ile, maelezo ya sokoni yanakufa na jamaa ana kesi nzito ya kujibu. Bila karani, nafikiri anarudi nyumbani. Katika njia zote mbili, angalia, neno kangomba halikutusaidia hata mara moja.

Akitiwa hatiani, tabia inaruhusiwa kuingia, sasa kwa kupitia lango kuu. Wakili wa Serikali anaulizwa kama kuna kumbukumbu za makosa ya nyuma. Mshtakiwa anaulizwa ana nini cha kusema kabla ya adhabu: ni kosa la kwanza, ana watoto, ana mama mgonjwa. Maisha yake yote yaliyokuwa yamezuiwa nje yanasikilizwa kwa dakika tano. Ukitaka kuona riwaya ndani ya mahakama, usiondoke kabla ya hapo.

Kwenye karatasi ya mtihani, jibu liwe na vitu vitatu kila aya: dai moja, tendo au kauli kutoka kazini kwa maneno yako au yake, na sentensi inayoeleza kwa nini tendo hilo linaonyesha hicho na si kingine. Ile sentensi ya tatu ndiyo ninayoitafuta nikishika kalamu nyekundu. Pia punguza "ni". Badala ya "Mzee ni mkarimu", andika "Mzee anatoa chumvi kwa namna inayomficha mpokeaji aibu." Utajikuta umeshaeleza nusu.

Na yule kijana wa bahasha. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile, begi lake likiwa miguuni. Alisema, "Haina shida, mwalimu," huku anaangalia chini. Mpaka leo sijajua kule kuangalia chini nikuandike safu ipi.